Babu aliyelima kabla ya Mjerumani: namna ya kumfuatilia hatua kwa hatua

Nilipoanza kumtafuta baba wa babu yangu niliingia kwenye chumba cha nyaraka nikiwa na kitu kimoja tu: jina lake. Nilikaa siku tatu. Nililetewa majalada, nikapangusa vumbi, nikanakili namba za kurasa, na mtu mwenyewe sikumwona. Siku ya nne mzee mmoja aliyekuwa akisoma meza ya jirani akaniuliza, "Mwanangu, huyo unayemtafuta alikuwa jumbe?" Nikamjibu hapana, alikuwa mkulima. "Alishitakiwa?" Hapana. "Alipigana na Wajerumani?" Sijui, mzee. Akacheka kidogo. "Sasa humu ndani nani amwandike?"

Alisema kweli. Mkulima aliyezaliwa Tanzania bara kati ya 1830 na 1880 hakuandikwa alipozaliwa, hakuandikwa alipooa, na mara nyingi hakuandikwa hata alipozikwa. Serikali ya kikoloni ilianza kumjali ilipotaka fedha yake, na sheria ya kodi ya nyumba ilitoka 1897, ikaanza kukusanywa 1898. Kabla ya hapo, hati ya mkulima ni shamba lake na vinywa vya watu wake. Kwa hiyo mpangilio ninaoupendekeza ni kinyume cha ule nilioufuata mimi: anza na watu, nenda shambani, na karatasi ije baadaye, ukiwa tayari una maswali ya kuiuliza. Mifano mingi nimeitoa Upare kwa kuwa ndiko kwetu, lakini mtu wa Usambara, Uchagani au Ukaguru ataona pa kubadilisha.

Hatua ya 1: Hesabu vizazi kabla hujamuuliza mtu

Chukua daftari, lenye jalada gumu kama unalo. Ukurasa wa kwanza andika jina lako na mwaka wako, chini yake baba au mama, chini yake babu au bibi, mpaka kumbukumbu ikome. Usipojua mwaka, kadiria na uweke alama ya kukadiria. Kizazi kimoja huhesabiwa miaka 25 hadi 30. Mimi nilizaliwa 1968, baba 1931, babu tukamkadiria 1893. Kwa hesabu ya kawaida baba wa babu angeangukia 1865 hivi.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Mwanamume mwenye wake watatu huweza kuzaa kwa miaka 40. Mtoto wa kwanza wa nyumba kubwa na kitinda mimba wa nyumba ndogo ni ndugu, lakini wamepishana kizazi kizima. Kama babu yako ni wa nyumba ya tatu, baba yake anaweza kuwa alizaliwa 1840 bila tatizo lolote. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mzee yeyote liwe hili: babu alikuwa wa nyumba ya mama yupi, na alikuwa wa ngapi? Mwaka wa kuzaliwa utafuata wenyewe.

Hatua ya 2: Kaa na wazee, na usianze na wanaume

Mzee wa miaka 85 leo hakumwona mkulima wako. Ila inawezekana alilelewa na mtu aliyemwona, na hiyo ndiyo hazina yenyewe. Andika orodha ya wazee wote wa ukoo waliobaki, kisha panga kwenda kwa walio dhaifu kwanza. Usisubiri likizo ya Desemba. Nimewahi kusubiri, nikafika msibani.

Nasema usianze na wanaume kwa sababu moja. Wazee wa kiume watakupa nasaba: fulani mwana wa fulani, mwana wa fulani, hadi mtu aliyetoka huko mlimani akiwa na mkuki na mbegu za mtama. Ni nzuri, iandike, lakini imekwisha kung'arishwa kwa kusimuliwa kwenye vikao vya mirathi na mashauri ya mipaka. Majina ya watu wasio na watoto wa kiume yamedondoka. Vizazi viwili vimebanwa vikawa kimoja. Wanawake waliolelewa na bibi zao hukumbuka vitu vingine: nani alikuwa mkali, nani alikuwa akiumwa miguu, mwaka wa njaa walikula mizizi gani. Vitu hivyo havina faida kwenye kesi ya shamba, ndiyo maana havikugeuzwa.

Shangazi yangu mkubwa, dada wa baba, alipoulizwa kuhusu baba wa babu alisema hajui kitu. Nikasema sawa, shangazi, tukaendelea kupukuchua mahindi. Baada ya kitambo akasema, "Bibi alikuwa akitusimulia kwamba alipoolewa hapa, mkwewe alikuwa haoni tena. Kila asubuhi mtoto alimshika fimbo akampeleka ndivani, akakaa pale kusikiliza maji yakifunguliwa. Maji yakiwa machache anajua kwa sauti, anagomba." Ndiva ni bwawa dogo la maji ya mashamba. Sentensi hizo chache ni nzito kuliko siku zangu tatu za majalada. Zinasema kwamba babu alipooa, baba yake alikuwa hai, mzee, kipofu, na bado ana kauli juu ya maji. Babu alioa karibu na 1915. Mtu huyo basi hakuzaliwa 1875, alizaliwa mapema zaidi.

Mambo madogo ya adabu na ufundi: amkia, kaa, kula unachopewa, sema ulivyozaliwa na nani kabla hujauliza chochote. Omba ruhusa ya kurekodi na simu, na ukikataliwa andika kwa mkono. Usimsahihishe mzee mbele ya watu. Usiulize "mwaka gani". Uliza hivi: Njaa ile kubwa ilipokuja, alikuwa na ndevu? Alikuwa ameoa? Mtoto gani alikuwa mgongoni? Shamba la bondeni alilipata kwa baba yake au alilifyeka mwenyewe? Nani alichukua kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, alipokufa? Mke wake wa kwanza aliletwa kutoka wapi, na mahari ilikuwa ng'ombe wangapi? Swali la mahari linafanya kazi ajabu. Mtu atasahau jina la babu yake mwenyewe, lakini atakukumbusha kwamba ukoo fulani bado unadaiwa mbuzi mmoja.

Kuna jambo moja la kwenda nalo polepole. Miaka ya njaa watu waliwekwa rehani kwa chakula, na vita na misafara vilichukua watu wakauzwa. Huenda mkulima wako aliingia kwenye ukoo kwa njia hiyo, akapewa jina na ardhi, na wazee wanajua lakini hawasemi. Ukiona majibu yanakuwa mafupi ghafla, acha. Rudi siku nyingine, peke yako, bila simu.

Hatua ya 3: Tengeneza ngazi ya matukio

Sasa una vipande kama "kabla ya funza" na "baada ya ng'ombe kufa". Ili viwe miaka, unahitaji matukio yenye tarehe inayojulikana. Hii ndiyo ninayoitumia kwa kaskazini mashariki, kuanzia ya karibu kwenda ya mbali:

1914 hadi 1918, vita vya kwanza, wanaume walipochukuliwa kuwa wapagazi. Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, hadi leo.
1910, nyota yenye mkia, ile ya Halley.
1905, reli kutoka Tanga kufika Mombo.
1898 hadi 1900, ukame na njaa kubwa, huku kodi ikiwa mpya.
Miaka ya 1890, nzige, ndui na funza. Funza huyu wa miguuni si wa zamani: aliingia Angola 1872 kwa meli kutoka Brazili, akavuka bara zima hadi pwani ya mashariki katika miaka hiyo.
1891 hivi, sotoka, iliyofyeka ng'ombe karibu wote.
1888 na 1889, vita vya Abushiri. Alinyongwa Pangani Desemba 1889.
1882, mwezi Septemba, nyota kubwa yenye mkia iliyoonekana hata mchana.
1862, kufa kwa Kimweri ye Nyumbai wa Vuga, mfalme wa Wasambaa, na vita vya wanawe vilivyofuata.

Mtu wa kusini ataweka Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Wa Iringa ana ngazi nzuri kuliko yetu sote: mapigano ya Lugalo Agosti 1891, kuanguka kwa Kalenga Oktoba 1894, kufa kwa Mkwawa Julai 1898. Wa Moshi ana kunyongwa kwa Mangi Meli mwezi Machi 1900.

Tahadhari moja. Njaa zilikuwa nyingi, na wazee huziunganisha. Ukiambiwa "njaa kubwa", uliza jina lake kwa kilugha, uliza watu walikula nini, walikimbilia wapi, na kama ng'ombe walikuwa wamekwisha kufa au bado. Njaa yenye ng'ombe hai na njaa isiyo na ng'ombe ni mbili tofauti, na kati yake ndipo sotoka ilipopita.

Hatua ya 4: Nenda shambani

Hapa usikimbie. Mkulima hakuacha barua, aliacha mipaka, mawe na maji.

Kwanza tafuta pale alipoishi hasa, si pale ukoo unapoishi sasa. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha watu wengi sana, na hata kabla yake familia zilikuwa zimeteremka kutoka milimani au kusogea barabarani. Neno la kuuliza ni mahame, yaani makazi yaliyoachwa. Kila kijiji kina mtu, mara nyingi mchungaji wa mbuzi au mkata majani, anayejua mahame yote kwa majina ya waliohama.

Ukifika, angalia mimea kwanza. Isale, ule mmea wa majani marefu uliopandwa kwenye mipaka na makaburini, hauoti kwa mstari wenyewe. Ukiona mstari wa isale porini, hapo palikuwa na mpaka au mtu amelala. Angalia mawe ya kusagia yaliyoliwa katikati, vipande vya vyungu, mawe matatu ya mafiga yaliyozama, na kingo za mawe za matuta kwenye mteremko. Upare utaona pia mavi ya chuma, mabonge meusi mazito, mahali Washana, ukoo wa wahunzi, walipoyeyushia. Usiondoke na kitu. Piga picha, weka sarafu au kalamu kando ili ukubwa uonekane, andika mahali kwa simu yako.

Kisha fuata maji. Milimani Upare na Uchagani mkulima wa karne ya 19 hakuwa akingoja mvua tu. Mfongo ulichimbwa kutoka kijito, na Upare kukawa na ndiva, bwawa dogo la udongo na mawe linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi, maji yagawiwe kwa zamu. Mfongo au ndiva huitwa kwa jina la aliyeichimba au ukoo wake, na zamu hurithiwa. Muulize msimamizi wa maji akutajie zamu kwa mpangilio wake wa zamani, nani wa kwanza, nani wa pili. Orodha hiyo ni kama daftari la watu lililoandikwa kwa maji: nani alishiriki kuchimba, nani alikuja baadaye akaomba. Ukoo wetu ulikuwa wa tatu. Ukoo wa pili, niliambiwa, ni wakwe zetu, na hapo ndipo nilipojua mke wa kwanza wa baba huyu wa babu alitoka wapi, jambo ambalo mzee yeyote wa kiume hakulitaja.

Uliza majina ya vipande vya shamba. Si shamba lote, kila kipande: cha migomba, cha mpunga bondeni, cha viazi juu. Majina ya vipande hukaa kuliko watu. Mengine hutaja mwenye kwanza, mengine tukio, mengine deni lililolipwa kwa ardhi.

Chora ramani kwa mkono. Iwe mbaya, haidhuru. Weka mipaka na majina ya majirani pande zote nne, kwa sababu jirani wa 1880 huenda aliandikwa mahali ambapo babu yako hakuandikwa.

Makaburi na misitu ya ukoo msiingie bila mwenye ruhusa. Kuna mahali hairuhusiwi kupiga picha, na huna sababu ya kubishana.

Hatua ya 5: Vitabu vya ubatizo, lakini vya watoto wake

Mkulima mwenyewe huenda hakubatizwa. Watoto wake na wajukuu walibatizwa, na kitabu cha ubatizo huandika jina la baba na mahali. Kwa hiyo kwanza ujue ni misheni gani ilifika kwenu, lini. Wakatoliki wa Roho Mtakatifu walianza Bagamoyo 1868. Waanglikana wa UMCA, misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, walikuwa Magila na, tangu 1876, Masasi. Walutheri wa Leipzig walifika Machame 1893. Waadventista walianza Giti, Upare, 1903. Ukishajua mwaka wa misheni, unajua kitabu cha zamani kabisa kinaweza kuanzia wapi, na hutasumbua watu kwa kuomba kisichoweza kuwepo.

Nenda parokiani au usharikani na barua ya mwenyekiti wa kijiji au mzee wa kanisa. Vitabu vingine viko jimboni au dayosisini. Omba kuangalia ukiwa umekaa mbele yao, ukurasa kwa ukurasa, na usitafute jina moja. Tafuta kitongoji. Nakili kila mtu aliyetoka kitongoji kile kwa miaka 20, pamoja na wasimamizi wa ubatizo, kwa sababu msimamizi mara nyingi ni jamaa.

Sasa habari ya herufi, kwani hapa nimepoteza muda mwingi. Mjerumani aliandika alivyosikia, kwa herufi za kwao. J yetu aliiandika dsch, ch aliiandika tsch, wakati mwingine dsch, sh aliiandika sch, y aliiandika j, na z mara nyingi ikawa s. Ndiyo maana kwenye vitabu vyao Moshi ni Moschi, Machame ni Madschame, Wachaga ni Wadschagga, Ujiji ni Udjidji au Udschidschi, Zanzibar ni Sansibar. Mtu wa ukoo wa Msuya anaweza kuwa Msuja. Kitongoji cha kwetu kilianza kwa J. Niliruka kurasa nne zenye neno linaloanza kwa Dsch kwa sababu nilikuwa nikitafuta J, na mtu niliyemtaka alikuwa kwenye kurasa hizo hizo: babu, 1912, umri "um 19", maana yake takriban 19, baba "Heide", yaani asiye Mkristo. Kando ya jina la baba hakukuwa na msalaba, ile alama ya marehemu iliyokuwa kwa wengine katika ukurasa ule. Alikuwa hai 1912. Shangazi alisema kweli.

Umri uliokadiriwa na mmisionari uchukulie kwa mkono mwepesi. Zidisha au punguza miaka mitano.

Kwa familia za Kiislamu, hasa pwani na kando ya njia za misafara, hakuna kitabu cha ubatizo, lakini kuna wasia, hati za kuuza mashamba ya minazi, wakfu na hukumu za kadhi, nyingi kwa herufi za Kiarabu. Tafuta sanduku la nyumbani kabla ya ofisi. Tarehe zitakuwa za Hijria. Mwaka 1300 wa Hijria ulianza Novemba 1882, na kila mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo miaka 33 ya Hijria ni kama 32 ya Miladi.

Hatua ya 6: Sasa nenda nyarakani

Sasa una jina, ukoo, kitongoji, majirani, msimamizi wa maji, na miaka yenye mwanzo na mwisho. Sasa chumba kile kinaongea.

Dar es Salaam, Upanga, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina majalada ya Kijerumani yaliyosalia na ya Kiingereza. Uliza masharti ya kuingia mapema, peleka kitambulisho na barua. Mambo matatu ya kuomba. Kwanza, vitabu vya wilaya walivyoandika maofisa wa Kiingereza baada ya vita: vina nasaba za watawala, mila za ardhi, majina ya koo na nani alifika kwanza wapi. Zilikusanywa kwa wazee waliozaliwa miaka ile ile ya mkulima wako, lakini zimepitia mkalimani na mara nyingi zimempendelea mtawala aliyekuwa amekaa kwenye kiti siku ile. Pili, majalada ya ardhi ya Wajerumani. Sheria ya Novemba 1895 ilitangaza ardhi isiyothibitishwa umiliki kuwa ya serikali, na mlowezi alipotaka shamba, ilibidi mipaka ikaguliwe. Humo hutajwa majumbe, vijiji na wakati mwingine watu waliolipwa fidia ya migomba yao. Tatu, kesi za ardhi za miaka ya 1920 hadi 1950, ambamo mashahidi wazee walisimama wakasema, "Baba yangu alilima pale kabla ya Wajerumani." Hiyo ya tatu ndiyo naipenda kuliko zote.

Kama hujui Kijerumani usikate tamaa, ila ujue mwandiko wa mkono wa zamani unawashinda hata Wajerumani wa leo. Programu ya Transkribus husaidia kuusoma kutoka kwenye picha, kisha mtu anayejua lugha apitie.

Nje ya nchi, unaweza kufika bila tiketi ya ndege. Majalada ya Ofisi ya Makoloni ya Ujerumani yako katika hifadhi ya taifa, Berlin, kwa alama R 1001, na mengi yamewekwa kwenye intaneti. Nyaraka za Misheni ya Leipzig ziko Halle. Picha za misheni hiyo za Kilimanjaro na Upare zimo katika hifadhi ya picha za misheni ya Chuo Kikuu cha Southern California, bure. Ukipata picha ya kijiji cha jirani ya 1905 utaona nyumba zilivyojengwa na nini kilipandwa nyuma yake, hata kama hakuna uso unaoujua. Oscar Baumann, msafiri Mwaustria, alipita Usambara na Upare 1890 na kuchapisha maelezo na ramani mwaka uliofuata. Majina ya vitongoji vilivyokwisha kufa yamo humo. Mtandao wa FamilySearch nao umekusanya nasaba za mdomo katika nchi kadhaa za Afrika, jaribu jina la ukoo na la kijiji.

Vipimo vya vinasaba vitakuonyesha binamu walio hai, si jina la mtu wa 1850. Fanya ukitaka, lakini fedha hiyo mimi ningeitumia kwa nauli ya kurudi kwa shangazi.

Hatua ya 7: Kagua hadithi, na kagua maneno

Kwetu ilisemwa siku zote kwamba baba wa babu alikuwa na shamba la mkonge na alikuwa akiuza kamba kwa misafara. Nilipojifunza kwamba mkonge uliletwa 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, kutoka Florida, miche iliyofika hai ikiwa 62 tu, niliifuta hadithi nzima kwenye daftari. Misafara mikubwa ya miguu ya njia ya Pangani ilikuwa inaelekea kufa wakati huo, na mkulima wa mlimani angeupata wapi mche wa mashamba ya wazungu?

Nilikosea kufuta. Mkonge lilikuwa tayari jina la mmea wa porini wenye majani marefu ya nyuzi, ambao watu walisokotea kamba, nyavu na nyuzi za mitego karne nzima kabla ya Hindorf. Mmea mgeni ulirithi jina la mwenyeji. Hadithi ilikuwa kweli, neno ndilo lililobadilika maana. Tangu hapo kila nikisikia neno la mmea, kipimo au fedha, nauliza: wakati ule lilikuwa na maana gani? Shilingi haikuwepo, fedha ya Wajerumani ilikuwa rupia. Kahawa Uchagani ilianza misheni, haikuwa zao la kila kihamba. Mtu akikwambia babu yake alilipa kodi kwa shilingi 1890, ana kumbukumbu mbili zilizogandamana, na kazi yako ni kuzitenganisha bila kutupa hata moja.

Jihadhari pia na ukoo wenye nasaba safi mno, kila kizazi mtoto mmoja wa kiume, kila mmoja shujaa. Watu halisi walikuwa na ndugu waliogombana nao.

Hatua ya 8: Andika kwa daraja

Mimi hutumia kalamu tatu. Nyeusi kwa kilichoandikwa mahali na nilikiona. Bluu kwa kilichosemwa na watu wawili ambao hawakukisikia mmoja kwa mwenzake. Penseli kwa kilichosemwa na mmoja, au nilichokisia. Kila mstari una jina la aliyesema, siku na mahali. Nakala ya rekodi za simu iwe sehemu mbili, na moja apewe mtu wa ukoo aliyeko kijijini.

Ukurasa wake kwa sasa una mistari kumi na mmoja. Miwili ya wino mweusi: baba wa aliyebatizwa 1912, na jina la kitongoji. Sita ya bluu: wake watatu, zamu ya tatu ya ndiva, ng'ombe waliokufa wote akiwa na mtoto wa nyumba ya pili anayenyonya, kamba alizouza bondeni, shamba la juu alilolifyeka mwenyewe, kaburi lenye isale upande wa mashariki. Mitatu ya penseli: kuzaliwa kati ya 1848 na 1858, kufa kabla ya mvua za 1918, na ile ya shangazi, ya mzee asiyeona anayegomba kwa sababu maji leo ni machache. Nimetafuta mtu wa pili wa kuithibitisha hiyo ya mwisho mwaka wa pili sasa. Wiki ijayo naenda kwa bibi mmoja wa ukoo wa zamu ya pili, wanasema bado anasikia vizuri.